Fedha ya Riwaya Moja: Mwongozo wa Kununua Kitabu Utakachokimaliza

Katika kabati langu kulikuwa na nakala mbili za Kusadikika ya Shaaban Robert, na kwa zaidi ya miaka kumi sikuwa nimeifikisha hata moja ukurasa wa mwisho. Ya kwanza niliinunua kwa kuona aibu kuwa na kabati lisilo nayo, na ya pili niliinunua kwa kusahau kwamba ya kwanza ninayo. Mtu akinunua kilo mbili za nyama akaiacha ioze, nyumba nzima itamsema. Akinunua kitabu akakiacha kiliwe na mchwa, wageni humwita msomi.

Mwaka huu nimejitahidi kulipa deni hilo. Nimesoma riwaya tisa za Kiswahili, nyingine kwa mara ya pili au ya tatu, nikatazama na filamu tatu za kwetu, na nimeona kwamba wengi wetu hununua riwaya kwa heshima badala ya hamu. Tunachukua jina kubwa tulilolisikia darasani, tunasoma kurasa kumi na mbili, tunachomeka risiti ya duka ndani ya kitabu kama alama, na risiti hiyo haihami tena. Kosa si la mwandishi, na wala si la msomaji. Ni kosa la mpangilio, kwa sababu kitabu kinachomfaa mtu aliyekwisha kusoma riwaya ishirini kinaweza kumfukuza kabisa yule anayerudi kwenye kusoma baada ya kukaa muda mrefu bila kushika kitabu.

Mwongozo huu basi umekusudiwa mtu mzima ambaye riwaya ya mwisho ya Kiswahili aliyoisoma ilikuwa ya mtihani, ambaye sasa ana fedha ya kununua moja tu, na ambaye hataki ibaki na risiti ndani. Nimezipanga kwa kigezo kimoja: je, utaimaliza, na ukiimaliza utatamani kuianza upya? Umaarufu wa mwandishi na uzito wa falsafa yake nimeviweka kando kwa makusudi, na anayeona kwamba kwa kufanya hivyo nimewavunjia heshima wakubwa ana haki ya kupanga orodha yake.

Nafasi ya kwanza naipa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Mambo yake yanatokea hasa Unguja ya miaka ya 1950, wakati ukoloni wa Mwingereza ulipokuwa ungali na askari wa kutosha kuzunguka mitaani usiku, lakini watu walikuwa wameanza kukusanyika vyumbani kusoma magazeti yaliyopigwa marufuku. Yasmin, binti wa Kihindi ambaye utoto haujamtoka vizuri, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali sana. Anamkimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango kwa sababu amewatia aibu, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, asiye na mali yoyote ya kujivunia zaidi ya sauti yake, mdomo wake na mlango wake usiofungwa. Kupitia kwa Mwajuma anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi na siasa zinazowakosesha usingizi maofisa wa serikali, na kuanzia hapo mapenzi na siasa vinavutana kama jina la kitabu linavyosema.

Sababu ya kuiweka mbele ya nyingine zote ni ufundi wake wa kumnasa msomaji. Adam Shafi anajua kuuacha mlango ukigongwa. Mara nyingi unapofika mwisho wa sehemu ukajiambia kwamba sasa utalala, kuna mtu nje, hujui kama ni rafiki au ni askari wa upekuzi, na unafunua ukurasa unaofuata huku ukijilaumu. Nilikisoma kwa siku nne, na siku ya tatu nilishuka daladala kituo kimoja mbele ya ninakokwenda. Zaidi ya hayo, watu wake wanazungumza. Kuna riwaya ambazo wahusika hutoa hotuba, kila mmoja akingoja mwenzake amalize aya yake. Humu watu hukatizana, hutaniana, husutana na kununiana, na Mwajuma akishafungua kinywa hakuna anayebaki na jambo lake la siri.

Ile n yenye alama ya ritifaa katika jina si pambo. Ni ile nikuvute inavyotamkwa Unguja, irabu ikimezwa na midomo ikibana, na msomaji wa bara atakutana na mengi ya namna hiyo katika kurasa thelathini za mwanzo. Usishike kamusi. Soma kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, na utaona maneno mengi yaliyokuwa kikwazo kwa jicho yanaeleweka kwa sikio. Ila ninayo moja ya kulalamikia: Denge mwenyewe, hasa anapoanza kueleza siasa, wakati mwingine husikika kama karatasi ya chama inayosomwa kwa sauti, na mara mbili au tatu nilitamani Mwajuma amkatize.

Kitabu hiki kina faida nyingine ambayo wenzake hawana, nayo ni filamu. Amil Shivji aliitengeneza filamu yenye jina hilohilo, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Ushauri wangu ni kununua kitabu kwanza na kuitafuta filamu baadaye, ingawa najua wengi hupenda kwenda kinyume. Filamu imechukua uzi mmoja, ule wa Yasmin na Denge, ikauvuta polepole kwa picha za vichochoro, vivuli na mwanga wa taa, na imeacha nje mambo mengi ambayo kitabu kinayasimulia kwa utulivu. Anayeitazama bila kusoma atapata uzuri wake, lakini kuna mahali atajiuliza huyu ametoka wapi. Aliyesoma kwanza atakaa akitabasamu, kwa sababu Mwajuma wa filamu ni Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu, na anapoingia kwenye chumba unaona mara moja kwamba aliyemchagua alikielewa kitabu. Niliitazama na shangazi yangu, ambaye hakuwa amesoma. Katikati ya filamu aliniuliza, "Mwanangu, huyu mume aliyeachwa ameishia wapi?" nikamwambia yumo kitabuni. Kesho yake akaomba kitabu.

Ukikimaliza na ukampenda mwandishi, kinachofuata ni Kuli, riwaya yake ya mwaka 1979, fupi kuliko hii, kuhusu wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948. Haini ya mwaka 2003, iliyojaa vyumba vya mahabusu, ni nzito moyoni kuliko zote na haifai kuwa ya kwanza.

Nafasi ya pili ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1976. Ningekuwa napanga kwa uzuri wa lugha peke yake ningeiweka ya kwanza, na nilisitasita siku mbili kabla ya kuishusha. Rehema ni binti wa Fuad, tajiri wa mashamba, lakini ndani ya nyumba ya baba yake anakuwa mtu wa kusukumwa. Anatoka humo, anapotea mjini kwa namna ambayo mwanamke asiye na mtu hupotea, na baadaye anajikuta shambani kwa Sulubu, mkulima ambaye mali yake ni mikono yake miwili. Sehemu ya kwanza inaweza kukuchosha kwa huzuni. Vumilia hadi Sulubu aingie. Kuanzia hapo kitabu kinakuwa kitabu cha ardhi, cha nani amefyeka, nani amepanda, na nani siku moja anakuja na karatasi mkononi kusema kwamba shamba hili ni lake. Msomaji wa leo aliyewahi kuona ndugu wakigombea kiwanja cha marehemu hatahitaji kuelezwa kitu.

Lugha yake ni ya kutafunwa taratibu. Mwandishi huyu akieleza mtu anavyolima, unaona jembe linavyopanda na kushuka, unaona jasho linavyochukua njia yake mgongoni, na hakuna neno lililotupwa pale kwa kujionyesha. Niliwahi kusoma aya moja ya shambani mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, maji ya chai yakachemka yakakauka. Kama unataka kumnunulia mtu zawadi, na mtu huyo ni mzee aliyezoea Kiswahili cha pwani, geuza mpangilio wangu na umnunulie hiki. Shida yake ni kupatikana, kwani haikai dukani muda mrefu, na mara nyingi utaipata kwa wauza vitabu vilivyokwisha kutumika, ikiwa na jina la mwanafunzi wa zamani kwenye ukurasa wa kwanza.

Ya tatu ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa na Longhorn mwaka 1996. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anampoteza mama yake na kuanza safari ndefu ya kuvuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni riwaya rahisi kusomeka kuliko zote katika orodha hii, na mtu aliyekaa miaka kumi na tano bila kusoma ningemshauri aanze na hii hata kabla ya ile ya kwanza. Kiswahili chake kimenyooka, misemo yake imewekwa mahali pake, na safari yenyewe hukusukuma mbele. Nimeiweka ya tatu kwa sababu bahati humsaidia Kongowea kupita kiasi. Watu anaowahitaji hujitokeza barabarani kama walioagizwa. Kijana wa miaka kumi na sita hatalijali hilo. Mimi nililijali, kisha nikalia palepale nilipolia nikiwa na miaka kumi na saba.

Hapa lazima nisimame kidogo kueleza jinsi ya kuikagua nakala, kwa sababu riwaya zilizowahi kutahiniwa shuleni ndizo zenye mitego mingi zaidi sokoni. Siku Njema ilisomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Kenya, na kitabu chochote kinachonunuliwa na maelfu ya wanafunzi huzaa watoto wawili: mwongozo wa mtihani na nakala ya bandia.

Mwongozo wa mtihani si kosa la jinai, lakini si riwaya. Una muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, maudhui yaliyopangwa kwa vichwa vya habari, na maswali mwishoni. Jalada lake mara nyingi huandikwa jina la riwaya kwa herufi kubwa na neno mwongozo kwa herufi ndogo pembeni, na ukiwa na haraka hulioni. Niliwahi kutoka na kimoja mkononi hadi mlangoni mwa duka moja jijini Nairobi kabla ya kukifungua. Nilirudi nikamuuliza muuzaji, "Mzee, hii ni riwaya au ni mwongozo?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Yote ni mamoja, mwalimu. Huo umeshatafuniwa." Nikamshukuru, nikaomba kile cha kujitafunia mwenyewe.

Nakala ya bandia ni jambo baya zaidi, kwa kuwa inamwibia mwandishi na mchapishaji na kisha inakuibia na wewe. Niliponunua nakala yangu ya pili ya riwaya moja kando ya barabara, jalada lilikuwa zuri kabisa. Usiku nilipofika ukurasa wa 96, uliofuata ulikuwa wa 81. Kurasa kumi na sita nilizokwisha kusoma zilirudiwa, na kumi na sita nilizozihitaji hazikuwemo, kwa sababu vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa ikawa mkupuo wa kurasa kumi na sita, na mtu anayeunganisha mikupuo hiyo kwa pupa huokota mmoja mara mbili. Kosa la namna hii linaweza kutokea hata katika kiwanda halali, lakini duka halali litakubadilishia. Yule wa kando ya barabara siku ya pili hakuwepo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, fanya mambo machache ambayo hayachukui dakika tano. Pitisha kidole kwenye nambari za chini, ukiruka kumi na sita kumi na sita, uone kama zinafuatana. Tazama maandishi ya ndani: yakiwa na ukungu, au mistari ikiwa imeinama kidogo upande mmoja wa ukurasa, hiyo imetolewa kopi kutoka kwenye kitabu kingine. Geuza ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka wa toleo, na ukikuta haupo kabisa, kirudishe. Fungua katikati kwa nguvu ya wastani usikilize gundi. Ikilia kama ukuni mkavu, kurasa zitaanza kudondoka kabla hujafika nusu. Halafu, na hili ni la muhimu kuliko yote, usisome ukurasa wa kwanza. Kila mwandishi hutia bidii yake yote kwenye ukurasa wa kwanza. Soma wa arobaini ukiwa umesimama, na kama ukifika mwisho wake mkono wenyewe unafunua wa arobaini na moja, lipa.

Siwakatazi watu kununua vitabu vilivyotumika. Nusu ya niliyoyasema hapa nimeyasoma katika vitabu vya aina hiyo, vilivyotandazwa kwenye turubai maeneo ya Posta jijini Dar es Salaam, au kwa wale wa Nairobi ambao watani wamewapa jina la inama, kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama. Kitabu halali kilichochakaa ni bora mara kumi kuliko cha bandia kinachong'aa.

Nafasi ya nne inakwenda kwa Bwana Msa, yaani kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Mswada wake ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, watu wote wanajua ni mizimu iliyoua, na Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, ndiye pekee anayedhani kwamba mizimu haina haja ya kuua mtu kwa namna ile. Wapo wanaomdharau kwa kuwa amefanana mno na wapelelezi wa vitabu vya Kiingereza. Sikubaliani nao, kwa sababu raha ya kitabu haimo katika upelelezi. Imo katika maongezi. Mwandishi alikuwa mtu wa magazeti, mhariri wa gazeti la Mkulima, na alikuwa na sikio la kunasa jinsi Mzanzibari anavyoweza kumzungusha mtu kwa maneno robo saa nzima bila kumjibu alichoulizwa. Shangazi niliyemtaja hapo juu aliazima nakala yangu mwezi wa tatu. Nikimpigia simu ananiambia bado anaisoma, na kitabu chenyewe hakina kurasa mia mbili.

Ya tano ni Peponi, na hii inahitaji maelezo kidogo kwa kuwa si riwaya iliyoandikwa kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, huandika kwa Kiingereza, na kitabu chake hiki kilitoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Ida Hadjivayanis, na Mkuki na Nyota waliitoa mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa hoteli ndogo ya bara, anachukuliwa na tajiri Aziz, anayemwita ami, na baadaye sana anaelewa kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake. Kuna misafara ya biashara kuelekea maziwa makuu, kuna Wajerumani wanaokaribia ukingoni mwa kila sura, na kuna bustani. Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza zamani, nikaingia kwenye tafsiri nikiwa na mashaka, na katika sura ya pili mashaka yakaniisha: watu walewale waliokuwa wakizungumza Kiingereza chenye adabu ya ajabu sasa wamerudishiwa lugha yao, na adabu ile ikaacha kuwa ya ajabu. Mahali pachache sentensi bado inabeba umbo la ilikotoka. Ni pachache kweli. Inunue kama wewe ni msomaji wa subira, kwa sababu Gurnah hagongi milango kama Adam Shafi. Kwake mtu hukaa barazani, akatazama, na mengine ni juu yako.

Kuhusu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, nitasema kwamba ingekuwa ndani ya tano bora kama orodha hii isingekuwa ya mtu anayerudi kusoma kwa kujifurahisha. Ni riwaya iliyowahi kuzuiwa mashuleni, ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mlevi mwenye mkono mwepesi wa kupiga, na inaumiza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inunue iwe ya pili au ya tatu. Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba vya mwandishi huyohuyo vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, usivinunue kwa kudanganywa na wembamba wao. Ni vigumu kuliko vyote nilivyovitaja, na nimewaona watu wazima wakivirudisha mezani kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

Kusadikika yenyewe sasa nimeimaliza. Ni kitabu chembamba, cha mwaka 1951, cha nchi inayoelea hewani ambako Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria, na anajitetea kwa kuwasimulia watawala visa vya wajumbe waliotumwa pande sita na kila mmoja akalipwa kifungo aliporudi na habari njema. Nilipoichukua kama riwaya ilinishinda, kwa kuwa nilingoja wahusika wawe watu na wao walikuwa hoja. Niliposoma kisa kimoja kila usiku, kama mtu aliyeketi mahakamani akirudi kesho kusikiliza, ilikwenda vizuri mno. Inunue kwa namna hiyo, na usiwe na haraka nayo.

Mwenye fedha zaidi na rafu pana anaweza kufikiria kile kitabu kikubwa cha Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakiweka mwenyewe katika Kiswahili, na kikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Ni kinene na ni cha polepole. Ndani yake mnapikwa pombe, mnajengwa nyumba, mnaletwa mahari, na kila kitu hufanywa hatua kwa hatua mbele ya macho yako hadi ukadhani ungeweza kukifanya mwenyewe. Mimi nasoma kurasa tano kila Jumapili na sina haraka ya kufika.

Nimebakiza filamu mbili. Kama bajeti yako inaruhusu kitabu kimoja na jioni moja ya filamu, na hiyo ya Amil Shivji umekwisha kuiona, itafute Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ya mtoto Jo ambaye ni mgonjwa wa kufa na kijiji chake kinachoamua kumtengenezea filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu. Inatazamwa na familia nzima, mradi mtu mzima mmoja awe na leso. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ni nzuri pia, na Joseph Wairimu kama Mwas, kijana wa kijijini anayekuja jijini kuwa mwigizaji akaishia mikononi mwa majambazi, hasahauliki. Ila ina damu na matusi, na Sheng yake itamfanya mzee wa Tanga aombe maandishi ya tafsiri chini ya kioo. Siyo ya kutazama na shangazi.

Mwisho ni neno kwa walio mbali. Vitabu vya Tanzania vikivuka mpaka tu hupanda bei, na ukimpata ndugu anayesafiri kutoka Dar es Salaam utaokoa fedha nyingi kwa kumwomba nafasi ya vitabu viwili kwenye sanduku. Walio Ulaya na Marekani Kaskazini wanaweza kuagiza vitabu vya Mkuki na Nyota kupitia African Books Collective ya Uingereza, ambao huchapa nakala pale inapoagizwa badala ya kuweka shehena ghalani. Kwa hiyo kitakachokufikia kinaweza kuwa na karatasi nyeupe zaidi na jalada linalong'aa kuliko kile alichonacho dada yako Kinondoni. Usiogope, hicho si bandia. Lakini nambari za kurasa zikague vilevile.